Angalia kama kuna ile mbili mwishoni

Mama alikuja kutoka Korogwe kwa ajili ya kliniki ya goti, akakaa kwangu Mabibo wiki sita. Nimepanga chumba kimoja na televisheni sina. Mama naye, taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti tangu enzi za redio. Nikawa namfungulia kwenye simu. Kifurushi cha wiki kikakata siku ya tatu. Ndipo nikaenda Kariakoo kutafuta tyuna, kidude cha kunasa matangazo ya televisheni, ya kuchomeka kwenye laptopu.

Nilipewa kidude mfano wa fleshi, na kiantena cha sumaku. Nyumbani programu ikasaka hadi mwisho: chaneli sifuri. Nikahamisha antena, nikasaka tena, sifuri. "Mwanangu, acha tu," Mama akasema, "kesho nitasikiliza kwa jirani." Iliniuma sana.

Fundi redio wa mtaani kwetu alikigeuza tu, akaniwekea kidole kwenye maandishi: DVB-T, yaani mfumo wa zamani wa kurusha televisheni ya dijitali. Mitambo ya huku inarusha DVB-T2, ule mpya wake. Tyuna ya T2 husoma mifumo yote miwili, lakini ya T peke yake haisomi T2, hata ukikaa chini ya mnara. Zile za analojia ndiyo kabisa, maana Dar ilizima analojia 31 Desemba 2012, na bado nimeziona dukani. Kwa hiyo usiridhike na neno "dijitali" kwenye boksi. Soma herufi, na hiyo mbili uione kwa macho yako. Muuzaji wangu, namshukuru, alikubali kubadilisha nikaongeza hela.

Jambo jingine: chaneli za kulipia zimefungwa, na vidude hivi havina pa kuweka kadi. Kama king'amuzi unacho na unakilipia, tyuna ya nini? Tafuta kile kifaa cha USB kinachopokea nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, uunganishe king'amuzi chako. Usihangaike na tundu la HDMI la laptopu. Lile linatoa picha tu, halipokei.

Hata na T2, ndani ya chumba picha ilikuwa inakatika vipande vipande. Juu yetu ni bati tupu, na bati huzuia mawimbi. Nikanunua antena ya nje, nikaifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha. Pini yake ni nene, tundu la tyuna ni jembamba kama la sindano, kwa hiyo ulizia kiunganishi palepale dukani. Mimi ilinilazimu kurudi Kariakoo kwa ajili yake tu.

Jioni hiyo chaneli zikaingia. Saa mbili na dakika kumi umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ina betri, na tyuna inatumia umeme wa laptopu hiyohiyo. Mama mwenye nyumba akaja na kigoda chake, akaketi karibu na Mama, wakaimaliza taarifa yote gizani mpaka hali ya hewa.