Jinsi nilivyoanza kuelewa misemo ya Kiingereza

Natembeza watazamaji wa ndege kwenye mafunjo ya Dunga, Kisumu, na misemo yao ilikuwa ikinipita. Mtu anasema "let's call it a day" jua likiwa bado juu! Kamusi ilinipa neno mojamoja tu. Orodha za kukariri hazikukaa kichwani.

Kilichosaidia ni daftari. Nauandika msemo mzima, kisha nani kasema, na hasa alifanya nini mara tu baada ya kusema. Hapo ndipo penye siri. Yule mgeni alifunga kamera, akamwashiria nahodha turudi ufuoni: kumbe ni kuacha kazi kwa leo. Tukishuka namuuliza, "Husemwa wakati gani?" Swali hilo hunipa mifano, "maana yake nini" huwakwamisha hata wenyewe.