Karata Hazikunitajia Adui

Agizo la kusitisha misaada ya Marekani lilipotoka Januari 2025, mradi wetu wa kliniki ulifungwa karibu papo hapo. Nilikuwa karani wa data. Mgonjwa akikosa kuja kuchukua dawa zake za ARV, mimi ndiye niliyehakikisha amepigiwa simu. Ghafla niko nyumbani Pangani, Nairobi, napiga hesabu ya kodi isiyotoshana.

Watu hawakuniacha pweke. Kila mmoja alikuja na mchawi wake mkononi. Shangazi alisema ni jicho la mtu. Jirani wa chini alikemea roho ya kukataliwa hadi sauti ikamkauka. Hata zile karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za stima, mganga kutoka Pemba, mpenzi kurudi, kazi, kesi, nilijikuta nasoma namba ya simu hadi tarakimu ya mwisho. Ndipo mwenzangu tuliyepigwa naye kalamu akanipeleka South B, kwa dada mmoja anayesoma taroti, karata za picha za kuagulia.

Mimi ni Mkatoliki, na najua Katekisimu, kifungu cha 2116, inakataa uaguzi wa kila namna. Sitabishana na Katekisimu hapa. Nasimulia nilichokiona mezani.

Karata zote ni 78. Kubwa ni 22, ndimo walimo Mnara, Nyota na Kifo. Hizo 56 zingine zinakaribiana na karata tunazochezea, ila makundi yake ni vikombe, panga, fimbo na sarafu. Yule dada aliniambia bila kuzunguka kwamba zilianzia kaskazini mwa Italia, karne ya 15, zikiwa mchezo tu, na kwamba mambo ya kuagulia yalishika kasi Ufaransa karne ya 18. Picha za seti yake alizichora Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909. Hapo akanipata. Mganga gani atakwambia ramli yake ilianza kama mchezo?

"Uliza swali, mpenzi wangu, ila lisiwe la nani."

Nikakwama, maana nilikuwa nimekuja na hilo hilo: nani kanifanyia hivi. Mwishowe nikauliza nifanye nini na miezi hii iliyo mbele yangu.

Akafunua tatu. Mnara kwanza: radi, taji linaruka, watu wawili wanaporomoka. Nikacheka, huo nilishaupokea kwa barua pepe. Tano ya Sarafu: maskini wawili kwenye theluji, mmoja na magongo yake, wanapita chini ya dirisha la kanisa lenye mwanga. Ya tatu ilikuwa Nane ya Panga. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni, kamba zimemzunguka mikono na kiwiliwili, panga zimesimama kama ua.

"Unaona nini?"

"Amefungwa."

"Mwangalie miguuni."

Miguu iko huru. Amesimama kwenye matope yenye maji, peke yake. Niliikagua ile karata kona zote nne nikimtafuta aliyemfunga, nisimwone. Machozi yakanitoka, na sikuona haya. Kazi yangu ilikatwa na mtu wa Washington asiyeijua Pangani iko wapi. Nami nilikuwa nimeanza kumkwepa mke wa ndugu yangu kwenye ngazi, eti ana macho mabaya.

Lile dirisha nalo lilinichoma. Tangu kazi iishe nilikuwa nimeacha kwenda jumuiya, kwa aibu ya mchango. Nikarudi. Kazi hawakunipa. Walinipa unga na mafuta ya kupikia, na mama mwenyekiti akanifokea mbele ya watu kwa kupotea.

Nililipa shilingi 1,500 kwa M-Pesa, na hakuna nyingine niliyodaiwa. Msomaji akianza kukutajia aliyekuroga, au akataka uongeze pesa ya kuondoa mkosi, shika mkoba wako uondoke. Na swali la ugonjwa lipeleke hospitali. Nimekaa kliniki, nimewaona wanaokuja wakiwa wamechelewa.