Puri na wachoraji wa Raghurajpur
Tangu nirudi India kila mtu hapa Arusha ananiuliza Taj Mahal, sikufika huko bana, nilienda Puri, mji wa pwani mashariki mwa India, kwenye hekalu la Jagannath, mungu wa Wahindu. Hekaluni ndani wanaingia wenye dini yao tu, basi nikachukua bajaji hadi Raghurajpur, kijiji cha jirani ambako karibu kila nyumba wanachora. Hapo ndo nilichoka! Kitambaa cha pamba kinapakwa gundi ya mbegu za mkwaju na unga wa chaki, kikikauka wanakisugua kwa mawe mpaka kinateleza, rangi nyeupe inatoka kwenye makombe ya baharini, nyeusi ni masizi ya taa. Mzee mmoja alikuwa anachora yale macho makubwa ya Jagannath, hana penseli hana rula, mkono hautikisiki. Tingatinga zetu nazipenda ila rangi ni za dukani jamani. Bei wakiona mgeni inapanda, nikabishana weee, nikapunguziwa kidogo.