Nimeosha, naendesha

Niliolewa mwaka 2014. Kwenye kicheni pati yangu somo alisema mengi, mengine ya maana kabisa, lakini liko moja linanikera mpaka leo. Alisema gari la mume ni uso wa mke. Likipita barabarani chafu, watu hawamcheki mwenye gari, wanamcheka mkewe. Kina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nikatikisa kichwa kukubali, maana wakati ule hatukuwa na gari wala baiskeli, na kuahidi kuosha kitu ambacho hakipo hakumchoshi mtu.

Gari likaja, kisha la pili. Lake Harrier nyeusi, langu IST rangi ya fedha. Tunakaa Goba, na kutoka lami hadi getini kwetu ni kama kilomita moja na nusu ya vumbi, ambalo masika ikifika linageuka tope. Anayekuambia gari jeusi lina heshima, muulize kwanza anaishi mtaa gani.

Pale njiapanda kuna vijana wanaosha magari. Bei yao elfu kumi, kumi na mbili, hata kumi na tano wakikuona umetoka saluni. Magari mawili kila wiki, mwisho wa mwezi umechoma hela ya mtungi mkubwa wa gesi na chenji juu. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuoshe nyumbani. Tuoshe, wingi. Kwa vitendo nilikuwa naosha mimi.

Miaka miwili niliosha yote mawili. Mimba ya Junior ilipofika miezi saba nikamwambia Baba Neema kwamba sasa kuinama kwenye rimu basi. Hakubisha. Yeye ni mhasibu, akachukua karatasi, akapiga mistari kwa rula, akabandika ratiba kwenye friji: Jumamosi hii mimi, Jumamosi ijayo wewe. Ilipendeza kuitazama. Ila sijui kwa nini misiba yote ya ukoo wao ilikuwa inaangukia Jumamosi yake. Isipokuwa msiba, ni mpira. Isipokuwa mpira, anatoka nje, anatazama juu, anasema, "Mvua hii hapa, tutapoteza maji bure." Mvua ya mwezi wa nane, Dar es Salaam!

Tukajaribu kumlipa kijana wa mtaani, elfu tatu kwa kila gari na chai. Kijana mchapakazi, sina neno naye. Shida ni kunguru. Mbele ya nyumba tuna mkungu mkubwa, na kunguru wa Dar mnawajua. Siku hiyo mmoja alikuwa amejisaidia kwenye boneti ya Harrier, jua likakausha, ikawa kama saruji. Kijana akasugua na kitambaa, wapi. Akasugua na kucha, wapi. Akaingia jikoni kwangu kwa adabu zote, "Shikamoo mama, naomba stilwaya." Mimi nipo na Junior mgongoni, nageuza maandazi, nikampa bila kuuliza ya nini. Nilidhani anataka kusugua ndoo.

Mume wangu alipotoka alisimama mbele ya boneti muda mrefu kama mtu anayeaga maiti. Palikuwa na duara lenye ukubwa wa sahani, limefifia, na mikwaruzo inazunguka kama utando wa buibui. Kinyesi kilikuwa kimetoka, hilo nalo tuseme ukweli. Fundi rangi alitaka laki na kitu. Kumbe dawa ni kuloweka kitambaa, kukilaza juu ya uchafu, ukaenda kunywa chai. Ukirudi unapangusa tu.

Kijana hakurudi, ratiba ikarudi, na misiba nayo ikarudi. Ndipo wifi yangu alipokuja na ushauri wake: "Wifi, mwanaume hasukumwi. Wewe osha tu, ataona aibu mwenyewe." Nikaosha Jumamosi tatu mfululizo. Sikuona aibu ya mtu yeyote. Niliona anaagiza chai aletewe barazani ili anitazame vizuri.

Sasa nisikilizeni hapa.

Jumamosi ya nne niliamka saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda (jua likiwa kali, povu linakauka kabla hujalisuuza, linaacha ramani). Nikaosha Harrier peke yake. Niliiosha kama bibi harusi. Paa kwanza, vioo, milango, tairi mwisho, na ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa, maana ukirudisha mchanga kwenye povu unaupaka gari zima. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi, kwa hiyo nikakausha haraka na taulo kuukuu. Ukiyaacha yakauke yenyewe, gari jeusi linatoka madoadoa kama kanga. Vioo nikamalizia na siki na maji. Baba Neema akatoka na kikombe chake, akazunguka gari mara mbili, akasema, "Mke wangu, somo wako alifanya kazi." Nikacheka naye. IST sikuigusa.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nikachukua ufunguo wa Harrier kwenye msumari, nikaondoka. Nilikuwa nimefika Mwenge simu ikaita.

"Mama Neema, umekosea ufunguo."

"Sijakosea, Baba Neema. Nimeosha, naendesha."

Kimya. Kisha akakata.

Hali ya IST siku ile naomba niieleze kwa utulivu. Siti ya nyuma ilikuwa na uji wa Junior uliokaukia kwenye mikunjo. Chini, makapi ya miwa. Buti lilikuwa na masufuria ya chama. Kwenye vumbi la kioo cha nyuma Neema alikuwa amechora baba, mama na kuku kwa kidole, na kuku ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote. Haya yote ningeyasamehe, lakini siku hiyohiyo bosi wake akaomba lifti waende wote Posta kwenye mkutano. Alinisimulia mwenyewe usiku, hakuweza kujizuia: bosi aliketi, akanyanyuka kidogo, akaingiza mkono chini, akatoa nusu ya muhogo wa kukaanga. Akauweka taratibu juu ya dashibodi. Hakusema neno hadi Posta.

Nilicheka hadi nikatoka nje ya chumba.

Nilijiona nimeshinda. Nilimpigia hata wifi kumtambia. Jumamosi iliyofuata nikasikia mpira wa maji unalia kabla ya adhana ya alfajiri kwisha. Mwanaume ameamka! Akaosha Harrier, akaosha IST, hadi ndani ya rimu. Nikamletea chai barazani, nikajisemea hii ndiyo ndoa. Jumatatu nakwenda kwenye msumari: mtupu. Funguo zote mbili zimo mfukoni mwake, anafunga tai.

"Wewe umeosha lipi?" akaniuliza.

Nilipanda bodaboda na mkoba wangu, na sketi ile niliyovaa haikuwa ya bodaboda. Wifi akasikia pia, sijui nani alimwambia.

Jioni tukakaa. Hoja yangu ilikuwa moja tu na niliipata nikiwa juu ya bodaboda: nilifungua mlango wa IST nikamwonyesha uji. Bado upo. "Hili gari halijaoshwa, limeogeshwa." Hapo akaishiwa, maana Baba Neema na maji ni marafiki, ila ukimpa makombo ya biskuti anapata kichefuchefu. Mimi kwa upande wangu ndani hainisumbui, ni kama kufagia nyumba ndogo, lakini kuinama kwenye tairi mgongo unanikatalia tangu uzazi wa pili. Miaka yote tulikuwa tunagawana magari, hili lako hili langu, wakati kilichotakiwa kugawanywa ni gari lenyewe.

Kwa hiyo sasa yeye ni nje, yote mawili. Mimi ndani, yote mawili: kapeti zinatoka, zinapigwa ukutani, siti zinapitishwa brashi na maji ya sabuni kidogo tu, maana ukiloweka zinatoa harufu wiki nzima. Neema ana miaka tisa, kazi yake vioo upande wa ndani na magazeti makuukuu, na analipwa mia tano ambayo ameshaanza kudai iongezwe. Saa moja na nusu tumemaliza. Asiyetimiza upande wake Jumatatu anaendesha IST, na ile sheria ya msumari haijafutwa.

Limebaki moja tu. Gari likishaoshwa Jumamosi, halafu Jumapili kunguru wa mkunguni akafanya yake juu ya boneti, ni kazi ya nani? Yeye anasema hiyo ni dharura, anayeiona kwanza ndiye anayefuta. Ndiyo maana siku hizi Jumapili Baba Neema anatoka nyumbani kuelekea kanisani akiwa anatazama chini.