Kongosho la mpwa wangu ni mimi

Kwanza niwajibu walionishauri nimwachishe mpwa wangu mwenye kisukari sindano za insulini, nimpe dawa za miti. Mlonge nimechemsha, mwarobaini tumekunywa mpaka mimi mjomba mtu nikakonda, na sukari ya mtoto haikushuka hata chembe. "Akishazoea sindano hataacha tena," aliniambia mzee mmoja wa hapa Newala, kwa huruma kabisa. Mzee wangu, hata ugali nimeuzoea tangu mwaka 1984 na sijauacha. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14 kule Toronto, mwaka 1922. Kabla ya hapo watoto wa namna hii walizikwa tu.

Mpwa wangu ana miaka 12. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wako, kwa hiyo ugonjwa ulipotajwa pale hospitali ya Ligula, Mtwara, daftari nilikabidhiwa mimi. Kisukari aina ya kwanza: kinga ya mwili wake imezigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Bila insulini sukari inajaa kwenye damu lakini haiingii kwenye misuli, ndiyo maana mtoto alikuwa anamaliza sahani nzima ya ming'oko na bado anakonda, usiku anaamka kukojoa mara tano. Na insulini huwezi kuimeza, tumbo litaisaga kama maharage.

Kuchoma sindano nilijifunza siku moja, sina cha kusimulia. Shida ilikuwa joto. Vichupa visivyofunguliwa vinataka nyuzi 2 hadi 8, na kwangu umeme haujafika, sembuse friji.

Nikajifanya mjanja. Rafiki yangu muuza samaki ana friza. Nikasema kama joto ni baya, basi baridi kali ndiyo dawa yenyewe. Akavilaza vichupa vinne chini ya vibua. Nilipokifuata kimoja kilikuwa jiwe. Nikakianika juani, kikayeyuka, nikakitikisa kama dawa ya kikohozi. Insulini yetu ina weupe kama maji yaliyooshewa mchele. Siku hiyo ilikuwa na mabonge yamenata kwenye kioo. Nikamchoma hivyo hivyo, tena kwa kujiamini. Kufika jioni mashine ikagoma kutoa namba, maana yake sukari imepita 33 (millimoli kwa lita ya damu). Pikipiki usiku ule, mtoto katikati, dada nyuma analia na kunitukana kwa zamu. Muuguzi alikinusa kichupa kabla hata hajanisalimia. "Kaka, umemchoma mtoto kibua?" Insulini ikishaganda imekufa, haifufuki hata uisomee dua.

Ni yeye aliyenitajia chungu cha kupoozea dawa. Vichupa vizima vinakaa kwenye friji ya zahanati, nachukua kimoja kimoja. Kikishafunguliwa kinastahimili kama wiki nne ilimradi joto lisizidi sana. Chungu kikubwa, ndani yake kidogo, katikati mchanga wa mtoni uliolowa, juu kitambaa kibichi. Vyote pamoja havikufika elfu kumi na tano, ukiacha mchanga, ambao dereva wa bodaboda alinipandishia kutoka bondeni akanidai kama ameniletea saruji. Maji yanavuja polepole kwenye udongo, upepo unayakausha, yakikauka yanaondoka na joto. Ni jasho tu, ila la chungu. Nje kipimajoto kilisoma 31, ndani 25. Nilitembeza kipimajoto kile mtaa mzima.

Halafu nikakipaka rangi. Ilibaki rangi ya bluu ya geti, nikaona chungu cha mtu msomi kisikae uchi. Kesho yake ndani nyuzi 29. Siku mbili nalaumu mchanga, nalaumu kaskazi, mpaka mtoto mwenyewe akaniambia, "Mjomba, si umekiziba vinyweleo?" Nikanunua kingine. Maji ya ndoo hapa Newala mnajua bei zake kiangazi, kwa hiyo chungu kinakunywa maji ya kunawia mikono. Masika, hewa ikiwa nzito, baridi yake inapungua. Nakihamishia barazani kwenye upepo.

Kilichobaki kunitesa ni namba. Asubuhi ya mtihani alisoma 15, juu mno, na hajatia kitu mdomoni. Nikamshutumu kuiba mabibo, nikapekua mpaka begi. Kumbe hofu: vile vitezi vilivyokaa juu ya figo vinamwaga adrenalini na kotisoli, na ini linapokea amri ya kutoa sukari. Nilimwomba radhi, jambo ambalo wajomba wengi hawalijui. Kwenye mpira ni kinyume, misuli inafyonza sukari na namba inashuka. Akianza kutetemeka, kutoa jasho na kuongea pumba, ujue sukari imeshuka mno: mpe sukari, usimsubirishe mpaka upime. Mara ya mwisho alikuwa 2.9. Kongosho zima lingepunguza insulini lenyewe na kutuma glukagoni, homoni yake nyingine, ikaliamshe ini litoe sukari. Mimi nikishachoma siwezi kurudisha, kwa hiyo mfukoni mwake kuna kimfuko cha sukari, na msimu wa korosho juisi ya mabibo inafaa pia. Uraka, pombe ya mabibo, hapana, na hili namwambia yule mzee pia.

Chungu nimekiandikia kwa chaki: DAWA, USIGUSE. Juzi nimefunua nikakuta nyanya tatu za dada yangu. Na ziko imara kweli.