Embe, kopo la stripu na usiku wa HI

Ulikuwa msimu wa maembe, Desemba, na nilikuwa nimetoka kuwamenyea watoto maembe matatu. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikapima sukari ya damu, maana nina kisukari. Mashine ikasoma 18.4, juu sana. Mwili ni mzima, sina kiu, siendi chooni mara kwa mara, lakini namba ndiyo ile. Nilikuwa tayari nimeshika sindano ya insulini nikipiga hesabu ya kuongeza uniti, ndipo nikamkumbuka bibi mmoja wa Temeke tunayekaa naye benchi moja siku za kliniki. Nikampigia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu.”

Nikamweleza. Akaniuliza jambo moja tu: “Umenawa mikono kwa sabuni?”

Nikanawa, nikakausha, nikatoboa kidole kingine. 7.2. Kumbe mashine ilikuwa imepima embe lililobaki kidoleni. Ningejidunga kwa namba ile ya kwanza, sukari ingeshuka mno nikiwa peke yangu na watoto wadogo. Nikikumbuka, hadi leo moyo unanidunda.

Kliniki wauguzi wanajitahidi sana, ila foleni ni ndefu, na swali la betri au stripu (kile kipande chembamba unachochomeka kwenye mashine na kukiwekea tone la damu) unaona haya kumshikilia nalo daktari. Basi sisi sita, wa Temeke, Mbagala na Gongo la Mboto, tukapeana namba za simu.

Kilichotutesa zaidi ni stripu. Kopo zima la 50 ni pesa nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo nilikuwa nanunua kumi kumi kwenye duka la dawa la mtaani, nafungiwa kwenye kifuko cha nailoni. Nilidhani naokoa pesa. Stripu ina kimeng'enya kinachokutana na sukari ya damu, na unyevu na joto hukiharibu. Ndiyo maana kopo lake lina kitu cha kunyonya unyevu na mfuniko unaobana. Kwa joto la Dar la Februari, kifuko changu kilikaa juu ya kabati jirani na jiko la mkaa. Mashine ikawa mara inagoma, mara inatoa namba zisizoeleweka, nami namlaumu fundi aliyeitengeneza.

Dawa yetu ikawa mchezo, ule ule wa kina mama wa mtaani. Wanne kati yetu tulikuwa na mashine za aina moja, na hilo ni lazima, maana stripu za mashine hii haziingii ile. (Ukipewa mashine ya bure, kabla hujashangilia uliza kwanza kama stripu zake zinapatikana Kariakoo.) Kila wiki tunachanga, mmoja anachukua kopo zima ambalo halijafunguliwa. Siku ya kulifungua anaandika tarehe kwa kalamu, kwa sababu za aina yetu zinadumu miezi 3 tu baada ya hapo. Kisindano cha kutobolea kila mtu na chake, hatuazimani hata kama ni ndugu.

Na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba dozi hatuambizani. Mashine, stripu, namna ya kuhifadhi insulini umeme ukikatika, hayo yetu. Dozi ni ya daktari.

Mpaka huo niliuelewa vizuri usiku mmoja, kama saa nne, kijana wetu wa Gongo la Mboto aliponipigia. “Shikamoo dada. Mashine yangu mbovu tangu jana, haitoi namba, inaandika HI tu.” Betri alishabadilisha. Nikamuuliza anajisikiaje. Kiu isiyokatika, uchovu, ametapika mara mbili.

HI si ubovu. Kwenye mashine nyingi maana yake sukari imepita 33.3, mashine haina tena namba ya kukuonyesha. Nikamwambia amwamshe kaka yake, wachukue bajaji, waende hospitali muda ule ule. Nilikaa macho mpaka kaka yake aliponipigia kwamba wameshampokea na kumtundikia dripu.

Alilazwa siku nne. Aliporudi, yeye ndiye aliyeomba tuandike kwenye vikaratasi: HI, sukari imepanda kupita kipimo, nenda hospitali; LO, imeshuka mno, kunywa kitu chenye sukari sasa hivi, mwite mtu. Kila mmoja amekibandika ndani ya mfuko wa mashine yake. Changu nimeshakiandika upya mara mbili, jasho linafuta wino.