Tulishuka Bila Kushuka

"Baba, ndege inajuaje iko juu kiasi gani?"

Binti yangu, daftari la sayansi mkononi, kalamu mdomoni. Nikamjibu harakaharaka: inapima uzito wa hewa. Ukipanda, hewa inayokulemea inapungua, na altimita inaugeuza upungufu huo kuwa futi. Akaandika. Nikadhani yameisha, kumbe bado. Akauliza bila hata kuinua uso, "Na hewa yenyewe ikibadilika?"

Nikamwambia muda wa kulala umefika. Akaenda zake, mimi nikabaki na ile siku.

Nilikuwa rubani msaidizi, bado naona fahari kila nikivaa ile mistari begani. Kapteni alikuwa anarusha, mimi nina redio na orodha za ukaguzi. Mawingu mazito, nje huoni hata ncha ya bawa. Sasa, kule juu ndege zote huweka altimita kwenye namba moja, hektopaskali 1013 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ili kama ni kukosea, basi tukosee sote sawasawa. Mkishuka kuelekea uwanjani mnaweka mgandamizo halisi wa pale, ndio tunaouita QNH. Siku ile ulikuwa 996. Nilikuwa nimeuandika kwenye karatasi yangu kwa mwandiko safi, tena nikauzungushia duara.

Palepale pa kubadilisha, mwongoza ndege akatubadilishia barabara ya kutua, akataka tupunguze mwendo, akatupa futi 4,000. Kapteni akainamia chati mpya, mimi nikawa najibu redio. Tukafika 4,000, tukatulia. Nikalinganisha altimita yake na yangu kama tulivyofundishwa. Zinalingana, futi kwa futi. Nikaridhika.

"Thibitisheni kimo chenu."

Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: futi 4,000.

Kimya kidogo. "Rada yangu inaonyesha 3,500. QNH ni 996."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, nadhani ningeumia kidogo tu. Macho yangu yakashuka kwenye kile kidirisha kidogo cha altimita: 1013. Nikatazama ya kapteni: 1013. Ya akiba, katikati: 1013. Zote tatu zilikuwa zimekubaliana.

Kapteni akashika kitufe chake, mimi changu, tukaanza kuzungusha. Hapa ndipo nisipoweza kuwaeleza vizuri hata leo. Ndege haikutikisika. Injini zilinguruma vilevile, tumbo halikuhisi chochote, dirishani wingu lilelile jeupe. Lakini kila nilivyozungusha, namba zilikuwa zinashuka: 3,900, 3,800, 3,700. Kila hektopaskali moja inakula kama futi 28, na tulikuwa na 17 za kula. Sikuwa naangalia ndege ikianguka. Nilikuwa naangalia mahali ambapo tulikuwepo muda wote. Vidole vyangu vikawa vizito. Kuna sehemu yangu iliyotaka kuacha kuzungusha, kana kwamba nikiishia 1000 tutakuwa juu zaidi.

Ikasimama kwenye 3,520.

Ndege ile ilikuwa ya zamani, haikuwa na taa ya kutukumbusha kuweka QNH. Na kile kifaa kinachopima umbali hadi ardhini huanza kusema kuanzia futi 2,500, kwa hiyo nacho kilikuwa kimenyamaza.

Kapteni akatoa otopailoti, akainua pua taratibu, tukarudi 4,000 ya kweli. Baadaye tuliambiwa kulikuwa na ndege imetoka kuruka, imepewa futi 3,000, inakuja upande wetu. Bado ilikuwa mbali maili kadhaa. Futi 1,000 za kututenganisha zilikuwa zimebaki 500. Tukatua. Mlangoni mama mmoja alinishika mkono akanishukuru kwa kutua laini, nami nikapokea shukrani.

Tukaandika ripoti. Pale penye "chanzo" ndipo tulipokwama. Kapteni anasema alitamka "QNH" na mimi nikaitikia. Mimi nakumbuka nilikuwa namwitikia mwongoza ndege. Labda ni neno moja lililojibu watu wawili. Ingawa, kwa heshima zote, kitufe chake kilikuwa mbele yake mwenyewe. Hatujawahi kumaliza mjadala huo, na tukikutana siku hizi tunaongelea magoti yake.

Usiku ule sikulala. Niliikumbuka ajali ya Charkhi Dadri, India, Novemba 12, 1996. Ndege aina ya Ilyushin iliyopewa futi 15,000 ilishuka chini ya hapo, ikakutana na Boeing 747 iliyopewa 14,000. Watu 349, hakupona hata mmoja. Tuliisoma darasani. Nilikaa safu ya mbele, nikajiuliza, hivi mtu anawezaje kutoka kwenye kimo alichopewa? Nilidhani ni lazima uzembe uonekane kwa macho, uwe na sura. Wetu ulikuwa na mwandiko safi na duara.

Juzi binti karudi na daftari. Jibu la altimita limepata tiki kubwa nyekundu, na mwalimu kaandika "vizuri sana". Lile swali la pili hajaniuliza tena. Nimeliona limeandikwa pembeni kwa penseli, na nafasi ya mistari miwili chini yake.